Ua Lililoota Upande wa Finna

Finna alikuwa na miaka sabini na tisa, moyo uliochoka, na kaburi tayari. Jina lake lilikwisha kuchongwa kwenye jiwe la mumewe, Brandur: mwaka wa kuzaliwa, kistari, kisha nafasi tupu, ili siku ikifika fundi abakize mwaka mmoja tu wa kuchonga. Kila Jumapili baada ya ibada alikitazama kile kistari akaona kinamharakisha.

Kosa lilikuwa lake mwenyewe. Watu wote wa ghuba ile hupamba makaburi kwa mchanga wa pwani. Yeye akapanda na toroli hadi kwenye changarawe za juu ya shamba, pale Brandur alipopenda kujilaza akisingizia kutafuta kondoo, akamteremshia mzigo mzima. Humo mlikuwa na mbegu. Mwaka wa pili, kushoto kwa marehemu, kwenye nafasi inayomsubiri yeye, likachomoza shina lenye manyoya na tumba lililoinamisha kichwa kama mtoto aliyekosea hesabu. Wenyewe huliita melasól, jua la changarawe. Ni ndugu yake mpopi wa kasumba, ila huyu wa baridi hajawahi kumlevya hata kondoo.

Likichanua manjano, ni gugu tu. Likichanua jeupe, lina sheria: haling'olewi, halihamishwi, na halichimbwi lilipo.

"Likiwa jeupe itabidi niripoti," alisema Mchungaji Ketill, kijana wa mjini aliyeogopa serikali kuliko shetani. "Wewe tutakulaza kule kwenye kona mpya, karibu na uzio."

"Kwa nini nisilale upande wake mwingine?"

"Kuna mama yake."

"Yule mwanamke! Hata kaburini hajamwachia mwanawe nafasi."

Hallbera, dada yake Brandur, alifurahi bila kuficha. Alikuja kunywa kahawa, akajaza mdomo maandazi ya kusokota, akaanza.

"Wifi, si ndiyo dua yako imejibiwa? Miaka hamsini na mbili unatuambia kaka yangu anakoroma, mvivu, ananuka papa aliyevunda. Haya, umepata kitanda chako peke yako."

"Na huko kwenye kona nitamlalamikia nani? Uzio?"

"Mlalamikie atakayefuata kuzikwa hapo."

"Atakayefuata ni wewe, wifi. Hilo ndilo linaloninyima usingizi."

Walicheka mpaka kahawa ikamwagika, lakini andazi la Finna lilibaki sahanini. Aliogopa. Kufa kwenyewe hakukumtisha; daktari alikwisha kumwambia asitegemee kuiona Krismasi, naye alipokea habari ile kama utabiri wa mvua. Alichoogopa ni ile kona. Tangu Brandur aondoke hajapata usingizi wa maana. Alikuwa amezoea kulala kushoto kwa yule mzembe, na hakuwa na nia ya kujifunza mtindo mwingine uzeeni.

Jumatano asubuhi Mchungaji aliahidi kuja na kitabu chake cha ripoti saa nne kamili. Finna alitangulia. Alifungua geti, akapita kaburi la mama mkwe bila salamu, akafika.

Lilikuwa limechanua. Petali nne, nyembamba kama karatasi ya sigara, nyeupe pe, zikitetemeka kwa upepo wa baharini. Lilikuwa zuri mno, na uzuri wenyewe ukampandisha hasira.

"Mshenzi wewe," alimwambia jiwe. "Nusu karne hukuniletea hata ua moja. Leo ndiyo umekumbuka?"

Gari la Mchungaji likasikika likikata kona ya kanisa. Finna akatazama kulia, akatazama kushoto, akainama huku magoti yakilia, akalikwanyua ua kutoka kwenye shina lake. Hakuwa na mfuko. Akalitia mdomoni. Lilikuwa chungu kama dawa ya minyoo, naye akalitafuna lote na kulimeza.

"Je?" aliuliza Ketill akitweta. "Rangi gani?"

"Manjano."

Mchungaji alichutama, akalikagua lile shina lisilo na kichwa. "Liko wapi?"

"Kondoo."

"Kondoo hawaingii humu, Finna." Akamtazama usoni kwa muda, akayaona machozi, ambayo huenda yalitokana na ule uchungu. Akafungua kitabu. "Sawa. Manjano. Basi ni gugu. Nikung'olee?"

Mkono wake ulikwisha kufika chini kwenye majani.

"Usiguse!" Finna alijishtua mwenyewe kwa ukali. Kisha akashusha sauti. "Liache hapo. Mtaling'oa siku mtakayonileta."

Ketill akaandika neno lile, manjano, akapiga na mstari chini yake.

"Na Hallbera akiniuliza?"

"Mwambie kaka yake bado hajaniponyoka."