Makaburini Hakwenda

…Jumatano, saa saba na robo mchana, mvua ya masika yapiga mabati ya ofisi ya walimu, nami nimeshika kalamu nyekundu juu ya insha ya Kiingereza ya Tumu, wa kidato cha tatu, na Mwalimu Selpher, mkuu wa idara, amesimama nyuma yangu, asema andika sifuri, Mwalimu Mwidani, Ijumaa aitwe mdanganyifu mbele ya gwaride… hata mimi nilikuwa tayari kuiandika, ingawa kanuni niliiweka mwenyewe, kwanza akili unde iandike, kisha mwanafunzi akate kila lisilotokea, aweke alichokiona, alete rasimu zote mbili, na katika ile ya kwanza, mazishi ya babu yake kule Mtongwe, mashine imemsimamisha Tumu ukingoni mwa kaburi akitupa udongo, imemliza begani mwa imamu, begani mwa imamu, mtoto wa kike, nilicheka peke yangu… “Ya kwanza yateleza kama samli,” asema Selpher, “hii ya pili kaiambia mashine imharibie kidogo, wajanja hawa, na kutupa udongo kuna kosa gani, kwetu Kaloleni twatupa sote”… kwenu, dada, kwetu wanawake hatufuati jeneza, na Tumu amelikata kaburi lote, ameandika kwamba wanaume waliondoka na sauti zao za tahlili, zikafifia hadi barabarani, naye akaingia uani, akaligusa sufuria la maji ya kuoshea maiti, lingali vuguvugu, akaona haya kuliinua kabla halijapoa… na mimi, kwetu Port Reitz, siku ya mazishi ya baba, kiganja changu juu ya sufuria kama hilo hilo, moto wake ukifa, shangazi akiniita jikoni, abee, nikaitika nisiende, jambo ambalo sikumwambia mtu, basi mashine ingelitoa wapi… “Wamtetea kwa kuwa ni jirani yenu wa ng’ambo ya maji,” asema, “au hiyo mashine yako ishike na chaki, sisi twende tukalale,” nami namjibu bila kugeuka, la, dada, huyu kaandika mwenyewe, nina hakika, na Ijumaa hatasimamishwa popote… “Nikiulizwa?” … nitajibu mimi, mvua ingali ile ile, Selpher angali nyuma yangu, ila sikusahihishi tena wewe, Tumu, kama mshukiwa, nakusahihisha kama mwandishi, na mwandishi haonewi huruma, vitenzi vyako vimechanganya nyakati, aya ya mwisho imekimbia, nakata panapostahili kukatwa, naandika, kumi na nne juu ya ishirini.