Sauti Iliyomkimbia Fundi Sikio

Mtaa mzima haukuwa na fundi mwenye sikio kama la Fundi Sikio; ndivyo alivyosema mwenyewe, na jina alijipa mwenyewe. Lakini gari la mama mkwe wake lilikuwa limeamua kumvua nguo hadharani. Lilirudi gereji mara ya tatu na ugonjwa uleule: ukikata kona, mbele kunalia ka, ka, ka, kama mtu anayevunja karanga kwa meno.

"Mwanangu," alisema mama mkwe, bila kushuka. Alikuwa mkunga, na njia za huko anakozalisha ni matope na mawe. "Ulibadilisha beringi, likalia. Ukabadilisha shokabu, likalia. Leo lisipopona, navuka barabara."

Ng'ambo ya barabara palikuwa na gereji ya Kipara, aliyemposa mke wa Sikio zamani, akakosa. Alikuwa ameketi mlangoni juu ya tairi, mikono kifuani, kama aliyekata tiketi.

Sikio alifanya kama afanyavyo siku zote. Kabla ya kulijaribu gari, alizifungua kwa mkono loki zilizo katikati ya magurudumu ya mbele, ili magurudumu yazunguke peke yake bila kuikokota ekseli. "Kwenye lami loki zinakula mafuta tu," hupenda kusema. Akauzunguka uwanja. Kimya. Akarudi, akazifunga kama alivyozikuta, maana fundi mwenye adabu humrudishia mtu chake kilivyokuwa.

"Limepona, mama."

"Limeponaje, nawe hujaligusa?"

"Linaniogopa."

"Haya, naendesha mimi. Wewe tembea pembeni na hilo sikio lako."

Mama akakata usukani mpaka mwisho. Sikio akafuata ameinama, kichwa ubavuni mwa gurudumu, kama kuku anayewasikiliza mchwa. Ka, ka, ka. Ng'ambo, Kipara akakohoa kikohozi kisicho na mafua.

Sikio akaitazama loki. Imefungwa.

"Mama, hizi loki huwa unazifungua lini?"

"Nizifungue kwa nini? Kitu kikishafungwa kimefungwa."

Loki ikifunguliwa, ekseli hulala; na ekseli iliyolala hailii. Kumbe kila alipokwenda kuukamata ugonjwa, alianza kwa kuufungulia mlango ukimbie.

Akapiga jeki, akaishika ekseli ya kulia, akaitikisa. Pale inapopindia, penye krosi, ule msalaba mdogo wa chuma, ikacheza kama jino la mtoto. Vumbi jekundu la kutu likamwagika. Grisi ilikuwa imeshahama siku nyingi. Akaing'oa krosi, akapachika mpya.

"Sasa kosa lilikuwa la nani?" mama mkwe aliiuliza miguu ya Sikio iliyochomoza chini ya gari.

"La loki, mama."

"Loki hazina mikono."

"Basi tugawane."

Mama akafikiri. "Hapa ndani, nusu kwa nusu. Mbele ya yule pale, hakuna aliyekosea."

Sikio alipotoka chini na kushusha jeki, mama akawasha gari, loki zimefungwa vilevile, akavuka barabara, akashusha kioo. Mbele ya mlango wa Kipara akakata usukani mpaka mwisho, akazunguka polepole, ili mwenye masikio ausikie ukimya. Akazunguka tena. Alipoanza mzunguko mwingine, Kipara aliinuka kwenye tairi lake, akaingia ndani kutafuta spana ambayo ilikuwa mfukoni mwake.