Ini Linasubiri, Kikao Kinaendelea

Saa moja asubuhi Christopha alipiga simu kutoka India, na Zita alijua kabla hajapokea kwamba siku hiyo chai hainyweki. Christopha ni shemeji yake. Ndiye aliyempeleka huko Adriano, mume wa Zita, baada ya homa ya ini kumla ini mpaka likabaki jina tu. Siku ya tatu sasa Adriano alikuwa hamtambui mtu.

"Shemeji, ini limepatikana," alisema Christopha. "Kuna mtu kafa kwa ajali, ndugu zake wamelitoa. Wagonjwa wa huku wenye kundi hilo la damu hawapo. Wameliweka kwenye mashine."

Akaeleza alivyoelezwa. Zamani ini lilitiwa kwenye barafu kama samaki wa Kirando, likichelewa linaharibika. Mashine hii inalipitishia damu ya moto yenye hewa, ini linadhani bado liko kwa mwenyewe, linaendelea kutengeneza nyongo, na madaktari wanaliangalia kama ni zima kabla ya kumpa mtu. Ila si la kukaa milele. Ikifika saa nane mchana, kwa saa za Sumbawanga, bila idhini ya ndugu, wanalipeleka hospitali nyingine.

"Si upo hapo? Weka sahihi," alisema Zita.

"Mimi, mdogo mtu? Mpaka baba mkubwa aseme, nimsikie kwa sauti yake."

Zita alishika kichwa. Kwenye ukoo ule hata jipu halikupasuliwa bila kikao, na mwenye kauli ya mwisho alikuwa baba mkubwa Felisiani, mzee ambaye hajawahi kukimaliza kikao siku aliyokifungua. Sawa, kuna watu wameunda mashine ya kukaa na ini mchana kutwa, hongera zao. Hawajakaa na ukoo wa mumewe.

Saa tatu sebule yake ilikuwa imejaa. Felisiani akasema hawezi kuanza kabla ya watu wa Kaoze, kwani wa bondeni nao ni ndugu. Wa Kaoze walifika saa tano, vumbi mpaka kwenye kope, wakapewa maji ya kunawa, wakapewa uji wa ulezi, wakaulizwa habari za mvua. Ikafuata sala, na sala yenyewe ilitaja marehemu wote wa ukoo kwa majina. Kisha utambulisho. Watu waliobatizwa kwenye beseni moja wakasimama mmoja mmoja kujitambulisha. Ini huko linatoa nyongo, huku Rafaeli wa Msanzi anaeleza yeye ni nani.

Saa sita na nusu wakaingia kwenye hoja. Shangazi Anjela alitaka kujua kama marehemu mwenye ini alikuwa anakula nyama.

"Nasikia wengi kule ni majani tu. Mtoto wetu akirudi amekataa kitoweo, nani atampikia?"

"Mimi, shangazi," alisema Zita. "Nitampikia hata mawe."

Mzee mmoja wa Muze akasema kitu kinachofanya kazi nje ya mwili bila mwenyewe, yeye hakiamini. Jamani. Nchi nzima mtu akitaja anatoka Sumbawanga, wenzake wanasogeza viti kwa kuogopa uchawi, na leo Wafipa wenyewe wamekaa wanaogopa mpira na pampu.

Felisiani alitikisa kichwa kwa busara, akapendekeza waahirishe mpaka Jumapili, baada ya misa.

Ndipo Zita alipoelewa, na hasira ikampanda mpaka macho yakaona giza. Hakuna aliyekuwa anaogopa mashine. Miaka minne nyuma Cornelius, binamu yao, alitamka ndiyo, mama yake mdogo akapasuliwa, akafia mezani, na mpaka leo Cornelius akija msibani watu wanafunika vikombe vyao kwa kiganja. Wote humu ndani walimpenda Adriano. Walichokuwa wanakitafuta tangu asubuhi ni mtu wa kulaumiwa.

Ilikuwa saa saba na dakika arobaini. Zita alisimama katikati ya sebule.

"Timoth, wewe ndiye katibu. Andika. Wazee wamekataa, Zita ameng'ang'ania. Adriano akifa, aliyemuua ni Zita. Andika na tarehe, nitie sahihi."

Timoth aliangalia kalamu, akaangalia wazee. Hakuna aliyemkataza. Akaandika, Zita akatia sahihi. Na hapo, lahaula, ukoo uliokaa saa nne na dakika arobaini ulifikia mwafaka kabla kalamu haijafungwa. Shangazi alisema hata yeye tangu mwanzo hakuona ubaya. Felisiani alikuwa ameshaishika simu.

"Christopha, mwanangu," alisema kwa sauti nzito, "tia sahihi."

Zita hakulala. Alikaa jikoni akimwomba Mungu na kumtukana Christopha kwa zamu, na mara mbili alijikuta anawaza kanga gani atavaa kwenye msiba ambao yeye ndiye atakuwa muuaji. Aliogopa sana, na hakuwa na wa kumwambia.

Simu ilikuja kesho yake saa nne asubuhi, na nusu ya kikao bado walikuwa pale wakinywa uji. Ini lilikuwa limeshika kazi. Adriano alikuwa amefumbua macho na kuuliza yuko wapi.

Vigelegele vilipopoa, Felisiani alikohoa, akamwita Timoth na daftari. Ule ukurasa wa jana uchanwe. Uandikwe mwingine: ukoo kwa kauli moja, chini ya mwenyekiti wake, uliamua bila kusita. Timoth alimgeukia Zita kwa aibu, karatasi mkononi, akauliza kama hataona vibaya.

"Andikeni mnavyotaka," alisema Zita, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. "Mimi nina mume."