Aliyekuwa Anaendesha Saa Tisa

Mke wangu Léocadie alifariki hospitalini Jumanne, saa tano na dakika ishirini asubuhi, kitanda cha pili kutoka dirishani. Muuguzi alitazama saa ya ukutani akaitaja kwa sauti, na hicho ndicho kitu cha mwisho ninachokikumbuka vizuri siku ile. Baada ya hapo nina vipande tu: viatu vingi mlangoni kwetu Castle Vale, wanawake wa kwaya wakisogeza makochi, shemeji yangu Ruben akinivua koti kama mtoto.

Kwetu mfiwa hashiki kitu. Simu yangu ilichukuliwa na mtu akawa anaipokea. Funguo za gari zilitundikwa kwenye msumari karibu na mlango. Aliyetaka kufuata viti kanisani au kumpokea mgeni kituoni alizichukua, akarudi, akazitundika. Hakuna aliyeandika nani kazichukua saa ngapi. Nani anaandika kitu kama hicho kwenye kilio?

Siku ya kumi ikaja barua. Nyumba ilikuwa bado imejaa, maana mazishi yalikuwa hayajafika. Binti yangu Rosine, mwenye miaka kumi na sita, aliiokota mlangoni, akasimama nayo muda mrefu.

"Papa, it's for Mum."

Ilikuwa ya mama yake, kutoka polisi. Rosine anaelewa Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza. Siku ile alijitahidi, akanieleza polepole. Kamera ya Tyburn Road imelipiga picha gari letu likienda maili thelathini na tisa kwa saa mahali pa thelathini. Gari limeandikishwa kwa jina la mama yake, kwa hiyo mama yake anaulizwa nani alikuwa anaendesha. Ana siku ishirini na nane za kujibu. Asipojibu ni kosa. Akidanganya ni kosa kubwa zaidi, watu hufungwa kwa kosa hilo.

"Lini?" nikauliza.

Alinipa karatasi nisome mwenyewe. Jumanne ile, 15:14. Saa tisa na dakika kumi na nne mchana, karibu saa nne baada ya muuguzi kutazama ukutani.

Mama Nabintu, mkubwa wa mapishi ya kwaya, alikuwa amesimama nyuma yetu akifuta mikono.

"Muandike Léocadie mwenyewe," akasema. "Watamkamata wapi?"

"Mama Nabintu, jamani!" mwanamke mmoja wa kwaya akamkemea.

"Nini? Ila hawataamini. Yule mwanamke alikuwa anaendesha kama amepakata mayai. Baiskeli zilikuwa zinampita, tena zinamsalimia."

Watu wakacheka, mara ya kwanza tangu Jumanne, kisha wote wakanitazama kuona kama nimeumia. Sikuumia. Kwa dakika moja nilitamani kuandika hivyo. Kwenye karatasi ile, saa tisa mchana, alikuwa bado yuko barabarani.

Lakini nilidhani namjua dereva. Siku ya kwanza nani angekimbia huku na huku kama si Ruben? Léocadie alikuwa dada yake. Na Ruben anaendesha teksi, leseni yake ina pointi tisa za makosa. Zikiongezeka tatu anaweza kunyang'anywa leseni, na watoto wake wanne wanakula kwa usukani ule. Alikimbia kwa ajili ya msiba wangu, na sasa mimi ndiye niwaandikie polisi jina lake.

Sikumwambia. Tulimzika Léocadie, barua ikiwa mfukoni mwa koti langu. Mchungaji alikuwa anaomba, nami nilikuwa nahesabu siku zilizobaki. Niliona aibu, lakini nikaendelea kuhesabu.

Jioni baada ya mazishi nikampa Ruben aisome. Aliisoma, akaikunja vizuri.

"Weka jina yangu, shemeji."

"Ni wewe uliyeendesha?"

"Weka tu."

"Ruben, una pointi tisa."

"Nimekuuliza pointi? Andika, bwana, tupumzike."

Alisema hivyo akiangalia zulia. Ruben si mtu wa kuangalia zulia.

Kesho yake nilikaa jikoni na kalamu na fomu ya majibu iliyokuja na barua. Niliandika herufi ya kwanza ya jina lake, mkono ukasimama. Mama Nabintu alikuwa anakusanya sufuria zake arudi nazo kwake Nechells. Nikamwambia nilichokuwa nafanya.

"Jumanne saa tisa?" akasema. "Haiwezekani. Saa ile Ruben alikuwa kwangu, tunapakia hizi hizi kwenye teksi yake. Akapigiwa simu, akaniacha nimekumbatia sufuria barabarani kama mwendawazimu. Mpaka leo hajaniomba msamaha."

"Nani alimpigia?"

"Rosine."

Nilimkuta Rosine amekaa kwenye ngazi. Nadhani alikuwa ametusikia. Nikamuuliza kwa nini alimpigia mjomba wake.

"You went to get Mum," akasema. Kisha akarudia kwa Kiswahili, neno moja moja. "Ulienda kumchukua Mama."

Léocadie alifanya kazi miaka tisa kwenye kiwanda cha kufulia mashuka, kule Nechells. Alitoka saa tisa na nusu. Kila siku ambayo sikuwa kazini nilimngoja getini na thermos ya chai ya tangawizi, kwa sababu alitoka kwenye joto lile akiwa amekauka koo.

Rosine alipanda juu, akarudi na thermos. Alikuwa ameificha kabatini mwake. Ilikuwa bado nzito. Akasema aliniona natengeneza chai, watu wakidhani ni ya wageni. Kisha, akasema, nikachukua funguo msumarini, nikatoka, naye akampigia mjomba wake. Ruben alinikuta mbele ya geti la kiwanda, injini inawaka, mlango wa abiria nimeufungua.

Mpaka leo sikumbuki. Nimejaribu. Nimepita kwa mawazo taa zote za barabara ile, na sijioni popote. Saa ile watoto wanatoka shule. Hilo ndilo linaloniamsha usiku, kuliko polisi.

Ruben alipofika nilimwambia nimechana fomu pale nilipoanza jina lake, na Rosine amenichapia barua ya kueleza kila kitu na kwamba dereva nilikuwa mimi, pamoja na cheti cha kifo.

"Wewe ni mfiwa," akasema kwa hasira, machozi yanamlenga. "Nilikuambia uache. Mfiwa hashiki kitu."

"Nilishika usukani, Ruben."

Alikaa, akaomba chai.

Barua ya pili imekuja wiki hii, kwa jina langu. Naweza kusoma darasa la madereva badala ya kupewa pointi. Ni tarehe kumi na nne, saa tatu asubuhi, kwenye kompyuta; Rosine atanifungulia. Funguo anazo Ruben, nami nakwenda kazini kwa basi.