Ukuta wa Mbele Haupo

Darasa la kuandika tamthilia lilikuwa orofani, juu ya duka la vinyago pale Ndia Kuu, kila Jumanne baada ya swala ya alasiri. Viti vilikuwa vya plastiki, feni ilizunguka kwa kulalamika, na mwalimu, Ronny, alikuwa kijana wa Changamwe mwenye sauti ya kufika mbali. Wanafunzi walikuwa wachache. Swabaha alikaa karibu na dirisha kwa sababu vidole vyake vilinuka piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea maua mikononi. Kazi yake ilikuwa kupaka bi harusi hina, na msimu ule alitoka nyumba moja ya harusi akaingia nyingine.

Ronny alifundisha mambo mawili tu, akayarudia mpaka yakachosha. La kwanza, jukwaa ni nyumba iliyoondolewa ukuta wa mbele. La pili, mtu wa jukwaani aseme alichosema kweli, si kile ambacho jamaa zake wangependa awe amesema.

La kwanza Swabaha alilielewa upesi. La pili lilimshinda. Zoezi lilikuwa kuandika mambo ya nyumbani kwao, naye ni mtu wa Mji wa Kale, amefunzwa tangu utoto kwamba ya ndani hukaa ndani. Basi akaandika jinsi kaka yake Sheikhan, muuza mapazia wa Marikiti, anavyokuja jioni kumtazama mama yao, Bi Mwanaesha, akambusu mkono, akampa haluwa, akamwombea dua. Ukurasa mzima haukuwa na ukweli ila haluwa.

Ronny akausoma, akaurudisha. "Dada, huyu kaka yako hana damu. Umemfua, umempiga pasi, umemtundika. Yeye anataka nini?"

Swabaha alijua vizuri. Sheikhan alitaka nyumba. Nyumba ilikuwa ya mama, aliachiwa na babake, na tajiri mmoja alikuwa akiinyemelea aigeuze ya kulaza wageni. Mama hakutaka kuuza. Alitaka kufia chumbani alimozaliwa, hakuwa na haja nyingine iliyobaki duniani. Na Sheikhan, msikitini na barazani, alishaanza kuwaambia watu kwamba mama ameridhia.

Jioni ile Swabaha alikaa jikoni akaandika upya, kwa hasira, bila kumsitiri mtu. Juu kabisa aliandika: Ukuta wa mbele haupo.

Asubuhi haukuwapo.

Mlango ulibaki umesimama na miimo yake ya nakshi na misumari yake ya shaba, kulia hewa tupu, kushoto hewa tupu. Orofa ya juu haikuona sababu ya kuanguka. Sebule ilionekana yote: kiti cha mama, saa, kabati la vikombe visivyotumiwa. Bi Jannat, jirani wa mkabala, alikuwa akifagia mbele ya kizingiti chake. Akainua macho.

"Sabalkheri, Swabaha. Leo mtapata upepo."

"Sabalkheri, Bi Jannat. Alhamdulillahi."

"Lakini vumbi nalo, mwanangu!"

Yakaishia hapo. Watu wa mtaa ule wana adabu zao. Kila aliyekuja aligonga mlango, akapiga hodi, akangoja karibu, hata akiwa anamwona Swabaha amesimama palepale na ufagio mkononi. Hakuna aliyepita pembeni ila paka. Afisa wa majengo ya kale alikuja kuuliza kama ukuta umeondolewa kwa kibali. Swabaha akamjibu kwamba umeondolewa kwa kuandika. Afisa akafikiri, akasema maadamu mlango haukuguswa yeye hana neno, akanywa chai akaenda zake.

Aliyeghadhabika ni Sheikhan. "Mwanivua nguo mbele ya watu!" Akaenda Marikiti, akarudi na pazia zito la mahameli nyekundu, bora kuliko yote dukani mwake, akapanda ngazi akalitundika mwenyewe kuziba pengo lote.

"Haya. Sasa tumesitirika."

Lilipendeza, usiseme. Siku ya pili, baada ya alasiri, Sheikhan aliingia na karatasi za mauzo na kidau cha wino. Alipomkaribia mama, pazia likafunguka lenyewe, polepole, nusu huku na nusu kule. Nje, muuza kahawa alikuwa ameshapanga vikombe. Barazani hapakuwa na pa kuketi.

Sheikhan aliwaona. Hakuacha.

"Mama, lete kidole."

"Sitaki." Alisema kwa sauti ndogo, ya mama kwa mwanawe.

"Umeridhia, mama. Nishawaambia watu umeridhia."

"Sitaki, Sheikhan."

Akamshika mkono. Kidole gumba kilikuwa na hina, Swabaha alimpaka Ijumaa. Sheikhan akakichovya winoni, akakikandamiza karatasini, kisha akakipangusa kwa leso yake, taratibu, mwana mwema kabisa. Swabaha alimvuta bega, akasukumwa akaangukia kabati. Pazia likajifunga. Nje kuna mtu alipiga makofi, kisha akaona haya akaacha.

Swabaha alitoka mbio. "Mmeona! Nyote mmeona!"

Muuza kahawa akashughulika na makaa yake. Bi Jannat akalitengeneza buibui lake. "Mwanangu, sisi tulikuwa watazamaji tu."

"Basi twendeni mkaseme mlichotazama."

"Mambo ya nyumba ya watu hayo. Nani atakwenda kuyasema?"

Watazamaji! Watu waliokula pilau ya mama yule kila Maulidi, ambao watoto wao walikandwa homa kwa mkono uleule! Wallahi inauma, na anayesema haiumi hajawahi kuwa na jirani. Hakuna aliyekwenda. Usiku ule Swabaha akaandika neno kwa neno waliyosema mama na kaka yake. Nyumba ikauzwa.

Swabaha na mamake wakahamia chumba cha juu kwa Bi Jannat, ambaye tangu siku ile hakuweza kuwatazama usoni. Tajiri akamleta fundi, Dzoro, ajenge ukuta. Dzoro alijenga kwa mawe na chokaa. Kulipokucha mawe yalikuwa yamepangwa kando vizuri na ukuta hauko. Akajenga kwa simiti, yakawa yaleyale. Akaosha mwiko wake.

"Tajiri, kazi yangu haina kasoro," akasema. "Hapa pameandikwa."

Tajiri akaweka meza ya mapokezi pale sebuleni, na wageni wakausifu upepo.

Na kila siku, baada ya alasiri, pazia hufunguka. Miguu ya Sheikhan humleta kutoka Marikiti, futi ya kupimia vitambaa ingali shingoni. Siku moja alijifungia dukani, akajikuta ametokea dirishani. Bi Mwanaesha hushuka ngazi, huvuka njia, hupiga hodi kwenye nyumba yake mwenyewe, na msichana wa mapokezi humkaribisha. Huketi kitini pake. Kisha husema waliyoyasema. Watu wakaanza kuja na mikeka. Sheikhan naye akazoea, akawa anakuja amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Hakurudisha hata tofali.

Jumatatu moja alipanda mpaka chumbani kwa dada yake.

"Yafute."

"Siyafuti."

"Basi andika mwisho mwema. Andika nimemwomba mama radhi."

Swabaha alikuwa akikoroga piko. Hakuinua kichwa. "Mwalimu amekataza. Mtu huandikiwa alichosema. Mama huyo hapo, yuwachagua mchele. Muombe kwanza, kisha ntaandika."

Bi Mwanaesha aliweka sinia chini, akangoja. Sheikhan akatazama mchele, akatazama viatu vyake, akashuka ngazi.

Ronny alikuja kutazama mara moja tu. Alikaa nyuma kabisa, pale njia inapopinda, na baadaye akapanda kuwasalimu. "Maandishi hayana neno," akasema. "Ila mama, shikamoo, sisi wa nyuma hatukusikii."

"Marahaba, mwanangu. Sasa nifanyeje?"

"Vuta pumzi mpaka tumboni. Na usimwambie aliye karibu. Mwambie aliye mbali."

Siku ya pili pazia likafunguka. Barazani pamejaa. Sheikhan akatoa kidau.

"Mama, lete kidole."

Bi Mwanaesha akavuta pumzi. Hakumtazama mwanawe. Alimtazama muuza kahawa, akamtazama Bi Jannat, akawapitia wote mmoja mmoja mpaka kwenye pembe ya njia.

"SITAKI!"

Kule Ndia Kuu muuza vinyago alitoka dukani kuona kuna nini. Bi Jannat aliiangusha kahawa yake ikammwagikia buibui, na hakujipangusa. Sheikhan akamshika mamake mkono, akakichovya kidole, akakikandamiza karatasini kama kila siku. Pazia likajifunga.

Mama akavuka njia, akapanda ngazi, akampa Swabaha kidole akioshe wino.

"Wamesikia?"

"Wamesikia, mama."

"Kesho ntaongeza."