Nati ya Mizunguko Minane

Jumatatu moja ya mwezi wa tatu, mwaka 1981, Mwenyekiti Mwishehe na dereva wake Maneno walifika Maili Moja, kwa fundi Mwinyimadi, na Kombi la kijiji cha Mkongolo. Walitaka nati za kufuli. Magurudumu mawili yalikuwa yameibwa tangu baada ya Idi, na tairi zilikuwa hazipatikani Kibaha wala Kisarawe, uwe na kibali usiwe nacho.

Mwinyimadi alichuchumaa kando ya gurudumu. Gari lile lilitoka kiwandani likifungwa kwa bolti. Hesi, ile mikato inayoishika bolti, zilipokwisha, yeye mwenyewe ndiye aliyeziondoa bolti na kuweka stadi, vile vyuma vinavyobaki vimesimama ili nati ije juu yake. Kwa hiyo hakuwa na haja ya kupima sana. Alimwaga kopo la nati juu ya gunia.

"Hii ya kwanza ina ufunguo wake," alisema.

"Ufunguo atakaa nao nani?" Mwenyekiti aliuliza.

"Dereva."

"Hapana."

"Basi wewe, Mwenyekiti."

Maneno alikohoa, akatazama barabarani. Fundi aliiweka ile nati kando. Ya pili kitako chake kilikuwa kimechongoka, na matundu ya rimu yalikuwa ya mviringo kama kibakuli. Ingekaa wiki moja, kisha gurudumu lingefika mwisho wa safari kabla ya gari. Ya tatu ilikuwa nyeusi, kitako cha mviringo, na haikuwa na ufunguo.

"Hii inafunguka kwa neno la kweli," alisema Mwinyimadi. "Neno moja, mzunguko mmoja. Liwe neno ambalo mwenye kulisema hajapata kulitamka mbele ya mtu. Kufunga ni kinyume chake, inataka uongo. Na mimi nati isiyoshika mizunguko minane siiachii iende barabarani."

Mwenyekiti aliridhika. Mwizi wa kusema kweli mara nane kandokando ya barabara alikuwa hajazaliwa. Akachukua nne, moja kwa kila gurudumu. Fundi alizifunga mwenyewe, huku akitaja siku ambayo kila gari lililolala uani pake lingekuwa tayari. Zilikaza vizuri sana.

Wiki tano baadaye, Mwanamvua, mke wa Maneno, alishikwa na uchungu alfajiri. Bi Biasha, mkunga wa kijiji, alimpapasa tumbo na kusema mtoto ametanguliza miguu, hazaliwi hapa, apelekwe hospitali Kibaha. Mwaka wa nyuma ilikuwa hivyo hivyo. Siku ile Mwenyekiti alisema gari ni bovu, na mtoto alifia tumboni wakiwa bado wanangoja. Safari hii gari lilikuwa zima, kwa kuwa Mwenyekiti mwenyewe alikuwa na mkutano wa mkoa saa nne. Alikaa mbele, faili mapajani.

Gurudumu la nyuma lilipata pancha kabla ya Mlandizi, pasipo na nyumba. Maneno alipiga jeki, akafungua nati nne za kawaida. Ikabaki ile nyeusi.

Aliishika kwa spana, akasema, "Mungu ni mmoja."

Haikutikisika. Lilikuwa neno la kweli, lakini alikwisha kulisema mara nyingi.

"Mtihani wa udereva alinifanyia kaka yangu," alisema tena. Nati ikazunguka mara moja.

Ndani ya gari Mwanamvua alilia. Bi Biasha alitoa kichwa dirishani. "Mbuzi wa Zena hakuliwa na fisi. Nilimla mimi." Mzunguko wa pili. "Na macho yangu hayaoni. Mwaka wa pili huu nazalisha kwa kupapasa." Wa tatu.

"Naogopa," alisema Maneno. Wa nne.

Uchungu ulikuja, ukaenda, ukarudi haraka zaidi. Watu wana kweli nyingi, lakini ukizitafuta kwa pupa hazionekani.

"Yule mtoto nilimpa jina," Mwanamvua alisema kutoka ndani. "Nilimwita Twalibu." Nati ikazunguka mara ya tano.

"Nikimzalisha hapa, kati yao mmoja hafiki," alisema Bi Biasha. Ya sita.

Maneno alimtazama Mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa anasoma faili. Maneno aliona aibu iliyomchoma mpaka masikioni, akainamisha uso kwenye rimu ili asimwone mkewe.

"Siku ile gari halikuwa bovu," alisema. "Nililiendesha mimi."

Ya saba. Spana ilibaki imening'inia kwenye nati.

"Mwenyekiti," aliita Bi Biasha, "mguu mmoja umeshatoka."

Mwenyekiti aliangalia saa yake. Ilikuwa saa tatu na nusu. Akashuka, akasimama karibu na gurudumu, akasema kwa sauti ya kawaida, "Lilibeba sukari ya duka la kijiji kwenda kwa shemeji yangu, Ilala. Nilikuwa na habari kwamba kuna mzazi."

Nati ilianguka mchangani.

Maneno alivalisha gurudumu la akiba. Ikawa zamu ya kufunga, na alipotafuta uongo hakuupata. Mwenyekiti alifungua faili, akaanza kusoma taarifa yake ya mkutano. Duka la kijiji lina bidhaa za kutosha. Mgawo wa sukari umewafikia wote. Gari linahudumia wagonjwa bila ubaguzi. Maneno alizungusha spana bila kupumzika. Ukurasa wa kwanza haukuisha, nati ikawa imekaza.

Mtoto wa kike alizaliwa hospitali Kibaha saa tano kasorobo, akiwa hai, miguu imevimba kidogo. Mama yake alimwita Sikudhani. Mwanamvua hakuzungumza na mumewe mpaka arobaini ilipotoka, na hata baada ya hapo alizungumza naye habari za kuni na maji tu.

Mwezi wa saba kijiji kilichagua uongozi. Mwishehe alipita tena kwa kura za mikono. Bi Biasha aliinua wake. Mwanamvua aliinua wake pia, kwa sababu Sikudhani alikuwa na homa, na Mwenyekiti ndiye anayeruhusu gari kutoka.

Mwezi wa nane uchungu ulimshika Zena. Watu walikwenda kwa Mwenyekiti, naye akawaambia wavumilie, gari ni bovu.

Saa hiyo hiyo Maneno alikuwa Pugu, amesimamisha Kombi lenye magunia ya sukari, anakagua magurudumu kama ilivyo desturi ya dereva. Alipoweka spana kwenye ile nati nyeusi ya nyuma, ilijikaza yenyewe robo mzunguko, mkononi mwake, ingawa pale hapakuwa na aliyesema neno. Alingoja kidogo kuona kama itaendelea. Kisha akafuta spana, akairudisha chini ya kiti, akaendesha kwenda Ilala.