Spika ya Mgongoni

Mume wangu Yotamu alirudi kutoka Dar es Salaam na pipa la dawa inayonuka pamoja na furushi la kitambaa cha nyuzi za kioo, akaniambia huu ndio ufundi wa kesho. Ilikuwa mwaka sabini na saba. Kule pwani alikuwa akitengeneza boti za faiba, yaani za kitambaa hicho kilichogandishwa kwa dawa hiyo, na kwa mawazo yake Uyole nzima ilikuwa ikimsubiri. Nilimwuliza swali moja tu: hapa Uyole boti zitaelea wapi, kwenye matuta ya viazi?

Alicheka. Yotamu ni mtu wa kucheka kwanza na kufikiri baadaye. Ndiyo maana nilimpenda, na ndiyo maana nimeota mvi kabla ya dada zangu.

Tena faiba inawasha. Suruali zake nilizifua mbali na nguo nyingine, nikizishika kwa ncha za vidole kama nguo za mwenye upele, na bado tukilala tulikuwa tunajikuna wote wawili, mpaka binti yetu Sekela akauliza kama kuna kunguni.

Kazi ya kwanza ya maana tuliletewa na Bujiku, dereva wa lori la mpunga kutoka Rujewa. Alikuwa Msukuma, mmoja wa wale waliohamia bonde la Usangu na ng'ombe wao, mtu mrefu na mpole. Alisimamisha Bedford yake mlangoni petu, akashusha spika kubwa kama ungo, amplifaya ya kutumia betri ya gari na mashine ya kaseti. Vyote alivipata Iringa, kwa bendi iliyovunjika baada ya wapigaji kugombana.

"Fundi," akamwambia Yotamu, "nataka boksi la hii spika. Lakini likae nyuma ya kiti cha abiria. Liguse mgongo wa mtu."

"Mgongo wa nani?"

"Wa mama."

Tulicheka. Yeye hakucheka.

Mama yake aliitwa Ng'washi, akatueleza, na masikio yake yalikuwa yamekufa. Zamani alikuwa mwimbaji; yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo na wengine wakaitikia. Masikio yalipozima aliacha kuimba, akaacha kwenda kwenye ngoma, na sasa alikuwa ameacha hata kuongea, isipokuwa kusema nirudisheni kwetu. Kaka yake, mzee Mihayo, alikuwa ameshafika kutoka Usukumani kumchukua. Jumamosi wangeondoka.

"Kule kuna nani?" nikamwuliza.

"Makaburi, shemeji. Watu wote tuko huku. Mjomba mwenyewe anakaa peke yake, na ni mzee. Lakini mama anasema kama hasikii mtu, basi heri asisikie akiwa kwao." Akajifuta uso kwa kofia. "Mimi nikimpigia kelele sikioni nachoka, na yeye anaona kama namgombeza. Siku hizi tunakaa tu. Tunaangaliana."

"Na hii spika?"

"Nikimpakia kwenye lori anaweka kiganja mlangoni. Injini ikinguruma anatikisa kichwa. Anasikia kwa mwili, shemeji. Sasa nikawaza, ngoma kubwa ikimgonga hapa mgongoni..."

Mimi nilikuwa na neno la kejeli limeshafika ulimini. Nikalimeza. "Baba Sekela," nikasema, "kaanze kazi."

Mbao zisingefaa. Nyuma ya kiti cha Bedford bati limepinda, halafu kuna kona na vichuguu ambavyo boksi la mraba lingevigonga tu. Faiba, alisema Yotamu, inafuata umbo lolote kama uji unavyofuata bakuli, ikishakauka hairudi nyuma. Ila ilibidi apate mgongo wa kuupimia. Akamwuliza Bujiku mama yake ana kimo gani. Bujiku akaniangalia mimi kuanzia juu hadi chini.

Basi nikakalishwa kwenye lori na magunia nyuma yangu, Yotamu akikunja fito na waya kuufuata mgongo wangu.

"Usipumue, Mama Sekela."

"Nisipopumua nani atakupikia?"

Alikuwa amepiga magoti, waya mdomoni, anautazama mgongo wangu kwa uangalifu ambao sikuwahi kuuona tangu siku ya harusi. Nilijifanya nimekasirika ili asione kwamba nimefurahi. Hasira za kweli zilikuja baadaye, nilipogundua kitambaa alichokivuta juu ya zile fito kilikuwa shuka letu zuri, lile la kuwatandikia wageni. Lilikuwa limeshapakwa dawa. Nilimsema mpaka majirani wakaja kuamua.

Juu ya shuka akapanga faiba, akapaka dawa kwa brashi, akapanga tena, akapaka tena. Ilipendeza. Mzinga wa nyuki ungeona wivu. Akanihakikishia kwamba asubuhi itakuwa ngumu kama jiwe.

Asubuhi ilikuwa inanata. Ulikuwa mwezi wa Juni, na baridi ya Juni ya Uyole anaijua aliyelala nayo. Kesho yake ilikuwa bado inanata. Kuku akapanda juu yake, ikabidi nimbandue, akaondoka akiacha manyoya.

"Dawa ya kukausha umeiweka kwa kipimo gani?" nikamwuliza.

"Kile kile cha Dar."

"Cha Dar! Watu wanaolala bila blanketi! Hapa hata maharage yanachelewa kuiva, wewe unataka dawa iwahi?"

Nilitegemea acheke. Hakucheka. Alisema moto hauwezi kusogezwa karibu kwa sababu ile dawa inashika upesi kuliko petroli, na kubomoa na kuanza upya haiwezekani kabla ya Jumamosi. Akakaa juu ya ndoo, mikono imejaa gundi mpaka kwenye viwiko. "Nimemharibia mama wa watu," akasema. Nilikuwa nimezoea kumkasirikia Yotamu akicheka. Sikujua nimfanyeje akiwa hivi.

"Inuka," nikamwambia. "Kama jua halitaki kupanda Uyole, tutalifuata lilipo."

Jumamosi alfajiri Bujiku alikuja, Sekela tukamwacha kwa bibi yake, boksi tukalifunga kwa kamba nyuma ya lori, wazi, lipigwe na jua. Kufika Igurusi tulikuwa tumevua masweta. Kufika Chimala Yotamu alikuwa anachungulia dirisha la nyuma kila mara, na mwishowe akapiga kelele kwamba linakauka. Lilikuwa linakauka kweli. Lakini hakuna aliyekumbuka kufagia bodi la lori, na upepo uliokota pumba zote za mpunga wa safari zilizopita ukazibandika pale zilipokuta ulimbo. Tuliposhuka Rujewa boksi lilikuwa na manyoya kama ndama.

"Limependeza," akasema Bujiku, maskini, kwa adabu.

Yotamu akapachika spika ndani ya boksi, akaunga nyaya, akalifunga nyuma ya kiti. Liliingia bila kupigwa nyundo hata mara moja. Upande wa mgongoni ulikuwa umekauka kabisa; ubavu mmoja ulikuwa bado unashika vidole, tukauficha kwa kipande cha kaniki.

Mama Ng'washi alitoka ndani akiwa amevaa nguo za safari, kifurushi mkononi. Nilikuwa nimemtarajia bibi mnyonge. Nikaona mwanamke mdogo mwenye macho makali, akatuangalia, akaliangalia boksi, akazing'oa pumba kadhaa kwa kucha na kuzitupa. Halafu akapanda, akakaa, akaweka kifurushi magotini. Kwake yeye lile lilikuwa lori la kumpeleka stendi. Mzee Mihayo akasimama chini na fimbo yake akisubiri apewe nafasi.

Bujiku akaingia upande wa usukani, akawasha kaseti. Ilikuwa ngoma ya mavuno ya watu wao, aliyoirekodi mwenyewe mwaka uliopita.

Mapigo yalipoanza, mimi niliyesimama mlangoni niliyasikia kwenye meno. Uso wa mama haukubadilika. Yotamu akanishika mkono kwa vile vidole vyake vinavyowasha, nami nikamwachia. Tukangoja. Kisha yule mama akageuka nyuma taratibu, kama mtu aliyeguswa bega na anayemfahamu, akatazama boksi, akajirudisha kitini na kuusogeza mgongo wake wote mpaka ukalikaa.

Mguu wake ukaanza kugonga sakafu. Halafu akaimba.

Sauti yake ilikuwa na kutu. Ilipanda mahali pasipo pake, ikakosana na waimbaji wa kwenye kaseti. Lakini mapigo hayakumpotea hata moja. Alipomaliza ubeti akanyamaza, akamtazama mwanawe, akasema neno kwa Kisukuma, na hata mimi nisiyejua lugha hiyo nililielewa: itikia.

Bujiku akaitikia kwa sauti yake yote. Mama akaendelea kumtazama, anangoja.

Bujiku akatazama mikono yake. Akanyoosha mmoja nyuma ya kiti, akaisogeza kaniki, akaupiga ubavu wa boksi kwa kiganja, kiitikio chote, pigo kwa pigo. Kikampata mama mgongoni. Akafumba macho. Nililia pale pale, wala sikujificha.

"Hapo hapajakauka," Yotamu akaninong'oneza. "Ataacha alama za vidole."

"Aziache."

Mama Ng'washi alikuwa ameshaingia ubeti wa pili, na Bujiku anamjibu kwa kiganja. Mzee Mihayo akagonga mlango kwa fimbo. "Tunaondoka au hatuondoki?" akauliza. "Basi halitusubiri!"

Bujiku akaendelea kulipiga boksi. Mama yake, bila kuacha kuimba, akafungua mlango, akampa kaka yake kifurushi akishike, akaufunga.